Kivuli cha Lenzi

Kitu cha kwanza binti kukiona kwenye skrini ya kamera kilikuwa kivuli cheusi cha mviringo, chini ya picha. Lenzi pana ilikuwa imeukinga mwanga wa flashi, na kivuli chake kikamfunika uso bibi mgonjwa aliyekalishwa mbele, aliyeomba picha ya mwisho na wajukuu wake wote.

"Mmetoka kama maharusi!" baba yake, mpiga picha, akawatania, skrini ya kamera ameibandika puani.

"Basi tumlaze mama," mtoto wa bibi akasema. "Hana nguvu tena."

Baba akaanza kufunga mkoba. Mwaka mzima binti alikuwa akizirekebisha picha za baba yake kimyakimya, lakini uso uliomezwa na giza haurekebishiki.

Akamshika baba mkono.

"Baba, huoni vizuri tena. Nipe kamera, nipige mimi."