Kitufe Chekundu

Mzee Honi alitazama kulia, akatazama kushoto, akabonyeza kitufe chekundu kwenye mashine ya kuchajia, kisha akarudi kuketi garini kama mtu aliyekwenda kunyoosha miguu tu. Taa ya kijani ikazimika. Waya mnene ulibaki umechomekwa ubavuni mwa gari, na kwa mpita njia mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Binti yake alikuwa kwenye mgahawa wa kituo, amesinzia mezani baada ya kuendesha tangu alfajiri. Alikuwa ameomba wasubiri gari lijae, halafu wamalizie safari. Safari ya wapi? Hapo ndipo palipomkosesha mzee raha. "Tunakwenda kutembea, Baba," ndilo jibu pekee alilopewa, naye aliyeendesha malori mpaka mvi zikamtoka hajawahi kuona mtu akitembea umbali wote huo bila kutaja anakokwenda.

Tena hakuwa mjinga. Kinyozi, jirani yake waliyekuwa wakicheza naye drafti kila jioni, naye alipelekwa "kutembea" na wanawe. Mpaka leo yuko kwenye nyumba ya wazee, anaitwa kula kwa kengele, na kwake wamepangishwa watu asiowajua. Tangu hapo Mzee Honi alikuwa akilala na ufunguo wa nyumba yake chini ya mto.

Machale yalianza kumcheza alipoona begi. Eti safari ya siku moja mbili, lakini binti alikuwa amemfungashia masweta, kandambili mpya na blanketi. Halafu simu. Kila waliposimama kuchaji, na gari hilo lilikuwa haliishi kusimama, binti alisogea pembeni akanong'ona. Masikio ya Mzee Honi yalikuwa mazito pale alipopenda mwenyewe tu. Kwenye kituo kilichotangulia alishusha kioo kidogo, akasikia.

"Kitanda bado kiko pale dirishani?" binti aliuliza. Akasikiliza. "Hapana, sijamwambia. Nikimwambia hatakubali kuja. Nyinyi ngojeni tu, mimi namleta."

Moyo ulimwuma mzee. Huyu ndiye binti ambaye yeye alimbeba mabegani, akamfundisha kuendesha na kumvumilia alipogonga geti la jirani. Leo anampeleka kama mzigo wa kushushwa.

Njiani alikuwa ameropoka kwamba barabara hiyo anaijua, aliipita ujanani na lori la mbao. Binti akadakia taratibu, kama anayepita kwenye utelezi, "Ulikuwa unapita na nani, Baba?" Mzee akaona anapimwa kumbukumbu, kama wanavyopimwa wazee kabla ya kupokelewa huko. Akamjibu mkato kwamba alikuwa na mdogo wake, yule waliyekosana zamani na asiyetaka hata kumwona, na kwamba akili zake ziko sawasawa, asante. Binti akarudisha macho barabarani.

Mzee hakugombana. Aliamua kuvuta muda. Alikuwa ameshagundua udhaifu wa gari hilo lisilonguruma: ukiwasha kiyoyozi mpaka mwisho, namba ya chaji inateremka huku unaiona. Basi akalalamikia joto. Baadaye akalalamikia baridi, akawashiwa kiti kipate moto. Binti alitii kila kitu, ila macho yake yalikuwa kwenye ile namba, na midomo akiiuma. Hesabu ya mzee ilikuwa nyepesi. Wakichelewa sana watalala njiani, na kukipambazuka yeye atapanda basi arudi kwake.

Binti aliporudi kutoka mgahawani alikuta gari liko vilevile alivyoliacha. Alizunguka mashine, akavuta waya, akauchomeka tena, akabonyeza huku na kule.

"Mitambo ya kisasa hiyo," mzee alisema kwa upole, akitazama mbele.

Ikabidi kuanza upya. Binti hakwenda tena mgahawani. Alisimama juani, simu sikioni, akimwomba mtu fulani amsubiri, na alipojifuta machozi kwa kiganja mzee akajua kuwa dhamiri inamsuta. Alikaribia kumhurumia. Akajikaza.

Walifika jua linazama. Lilikuwa jengo refu jeupe, na barazani watu wameketi kwenye viti vya magurudumu, wamefunikwa magoti. Mzee hakuhitaji kusoma kibao. Alishika mkanda wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Mimi ni baba yako, si gunia," alisema. "Kama umenichoka, niambie usoni. Lakini humu siingii."

"Baba, sikiliza. Nilidanganya kwa sababu..."

Hakumaliza. Nesi alikuwa anashuka ngazi pole pole, mikono ameifumbata kifuani. Binti alipomwona anavyotembea, alijifunika uso. Nesi akainama dirishani, akamtazama mzee kama anayemfananisha na mtu.

"Wewe ndiye kaka mtu, mmefanana sana," alisema. "Pole, mzee. Mdogo wako ametutoka sasa hivi tu. Maumivu yalikuwa makali, lakini tangu mchana alikataa sindano. Alisema itamlaza, na kaka yake yuko njiani."