Majina ya Ukutani

Hayrat alipotoa cheti chake cha shule, orodha nayo ikachomoka, ikaangukia mbele ya meneja. Majina saba ya kampuni na anwani zake, manne yamekatwa kwa kalamu.

"Umeyapata wapi haya?" meneja akauliza, kwa Kifaransa cha kwao.

"Kwenye kalenda, Bwana. Kila kampuni hugawa kalenda mwaka mpya."

Hakumwambia kwamba alizunguka mtaa mzima wa Ampisikina, nyumba kwa nyumba, akila vitumbua vya mashangazi huku macho yakiwa ukutani. Watu wakamsifu kwa kuunga udugu!

Nchi ilikuwa na mwaka wa pili wa uhuru, na kila alikoomba kujifunza kazi, hata bila mshahara, aliulizwa swali lile lile: "Unajua kupiga taipu?" Hajui. Mashine angeikuta wapi kama si ofisini?

Meneja akatoa karatasi safi, akainama kuandika. Barua ya kukubaliwa! Ulimi ulimchungulia pembeni ya mdomo kama mtoto wa madrasa. Hayrat akanyoosha shingo.

Meneja alikuwa ananakili anwani za kwenye orodha.

"Tawi letu linafungwa mwisho wa mwezi," akasema, bila kuinua uso. "Hawa wa kisiwani Nosy Be, wa mafuta ya maua ya langilangi, umeshawaandikia?"

"Bado."

"Basi ngoja kidogo. Nianze mimi."

Hayrat akaivuta orodha yake polepole kutoka chini ya kiwiko cha meneja, akaikunja mara nne, akakaa vizuri kitini.

"Bwana," akasema, "unajua kupiga taipu?"