Bangili ya Sala

Katika shule za serikali, mwanafunzi Mkristo alikuwa na haki ya kusali hadharani, mradi bangili aliyovaa, iliyosikiliza kila neno na kila mpigo wa moyo wake, ithibitishe kwamba anasali kwa moyo. Ikiwaka kijani, aliachwa asali. Ikizidi kuwaka nyekundu, haki yake ilifutwa.

Tangu bibi yake azikwe, bangili ya mwanafunzi Aikande ilikuwa ikiwaka nyekundu. Mwalimu alishamwonya mbele ya darasa zima.

Jioni hiyo mama yake, Eliaichi, alipakua ndizi na nyama, akamwomba abariki chakula. Aikande alifumba macho, akasali kwa sauti ya kutetemeka. Bangili ikawaka kijani.

"Mungu ashukuriwe!" mama alisema, akamkumbatia. "Umemrudia, mwanangu."

"Hapana, mama. Nimegundua tu kwamba nikimfikiria mwalimu mpaka nitetemeke kwa woga, inadhani ni unyenyekevu, inawaka hivi."

Eliaichi alimwachia taratibu. "Na Mungu je?"

"Nimemkasirikia kwa sababu ya bibi. Nilikuwa namwambia hivyo kila siku shuleni, kwa moyo wangu wote. Ndipo ilipokuwa ikiwaka nyekundu."

Mama alitamani kumwambia aendelee kumweleza Mungu hasira yake vile vile. Lakini alikumbuka kwamba bangili ilikuwa ingali ikisikiliza, kwa hiyo akamwongezea nyama.