Jirani Yupi?

"Hiyo si akili, shemeji, ni kasuku wa umeme!" msusi alimfokea jirani yake, fundi redio, huku amesimama mlangoni na chanuo mkononi.

"Kasuku utakuwa wewe! Uliza swali, uone."

Miaka minne fundi alikuwa akiandika programu ya kufikiri kama binadamu, peke yake, bila kampuni wala mfadhili. Mtaa mzima tuliifuatilia kuliko tunavyofuatilia ndoa za watu. Ila mkewe alikuwa amechoka. Leo ikijibu kikasuku tena, alisema, inazimwa moja kwa moja, na chumba cha kompyuta kinarudi kuwa cha wageni.

"Haya," msusi akasema. "Jirani amepiga hodi, na chakula ndiyo kwanza kinapakuliwa. Utafanyaje?"

Fundi akaliandika swali. Kidole chake kikaganda juu ya kitufe, kisha kikabonyeza.

Maneno yakajitokeza kwenye skrini, moja moja: "Inategemea. Jirani yupi?"

Sisi tuliojazana dirishani tukaangua kicheko. Fundi, jasho likimtiririka, akaandika: "Msusi."

Mashine ikajibu: "Yule? Chakula ni kidogo, na tumbo lake tunalijua. Lakini tukimfukuza, habari za mtaa tutazipata wapi? Mkaribisheni, ila nyama ifichwe kwanza."

Msusi akashika kiuno. "Nani kaifundisha kunisengenya?"

Mke wa fundi alikuwa ameinama kwa kucheka, machozi yanamtoka. Akamshika msusi mkono, akamvuta ndani.

"Iache iendelee kufikiri. Ingia tule, dada."