Upanga Mkono wa Kushoto

Fundi mkuu aliliona kosa mapema. Kalibu ya kumiminia plastiki huchongwa kinyume, kama sura kwenye kioo, lakini mdogo wake alikuwa ameichonga vilevile kama picha ya mfano ilivyo. Kila roboti lililotoka humo lilishika upanga kwa mkono wa kushoto.

Akafyata mdomo. Tangu kiwanda chao kidogo kipewe kibali cha kutengeneza maroboti ya kuchezea ya kampuni ya ng'ambo, sifa zote zilikuwa za mdogo wake. Basi na aumbuke.

Sasa mgeni wa kampuni alikuwa analigeuzageuza roboti mkononi.

"Hili linatumia kushoto!"

Mdogo wake akalowa jasho. Fundi mkuu akachekelea moyoni.

Mgeni akacheka. "Kama binti yangu! Endeleeni kuyatengeneza hivihivi. Nani amelibuni wazo hili?"

Hata kosa lake linapigiwa makofi! Fundi mkuu alilibana roboti alilokuwa amelishika hadi upanga wa plastiki ukamchoma kiganja.

"Mimi nilikosea tu," mdogo wake akasema. "Mkaguzi ni kaka yangu, na hapitwi na kitu. Lazima aliliona, akaliacha makusudi. Au siyo, kaka?"