Kitambaa Kiunoni

"Mama, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Gauni hili ni la nani, na lilishonwa mwaka gani?"

"Ni la zamani," mama akajibu, macho kwenye televisheni.

Kanana alikuwa amechoka naye. Harusi yake ilikuwa Jumamosi, na tangu mama ashuke ndege hapa Dallas alikuwa ameapa kutokanyaga kanisani, eti hakulea bibi harusi wa kutanguliwa na tumbo. Gauni lenyewe, la harusi, la kushonwa kwa mkono, lisilo na lebo, Kanana alilikuta chini kabisa ya sanduku la mama.

Akaanza kulifumua kiunoni limtoshe. Ndani akakuta kipande cha kitambaa, kama kile ambacho mafundi wa nguo hushikiza ili nguo za wateja zisichanganyike. Wino ulikuwa umefifia lakini ulisomeka: jina la mama kabla hajaolewa, Desemba 1984, ongeza tumboni inchi nne.

Kanana alizaliwa Aprili 1985.

Akamwekea mama kitambaa mapajani.

Mama alikisoma, akakisoma tena. Kisha akazima televisheni.

"Simama wima," akasema. "Na usiliingize tumbo ndani, nataka kipimo cha kweli."