Matanga ya Mwalimu Kongoni

Mwalimu Kongoni alisomesha watoto wa wanyama wote katika chekechea yake, na kila aliyeumia alimchukua nyumbani akamuuguza. Alipokufa, wanafunzi wake wa zamani walijaa matangani. Fisi alilia kushinda wote.

"Alitufundisha kuwahurumia wanyonge," alisema, "na kugawana tulicho nacho."

"Kweli kabisa," Chui aliitikia. "Lakini watu hawaondoki matangani na njaa. Tutapika nini?"

Macho yote yakamgeukia Kanga, kilema aliyelelewa na marehemu mpaka siku yake ya mwisho.

"Jamani, Mwalimu alinipenda!" Kanga alilia. "Mmeshasahau aliyowafundisha?"

Fisi alijifuta machozi.

"Tutasahauje, dada? Hatutakugombania. Kila mmoja atapata kipande chake."